Sukari Iko Poa, Moyo Je?

Kama wewe au mwandani wako ana kisukari cha aina ya pili, kuna namba nyingine ambazo kile kimashine cha kutoboa kidole hakizioni. Na ndizo zenye kauli kubwa juu ya miaka mtakayoishi pamoja.

Kuna jibu ambalo ukimuuliza mtu mwenye kisukari anaendeleaje, utalipata kabla hujamaliza swali: "Sukari yangu iko poa." Katoboa kidole asubuhi, kimashine kimesoma 6.2, kashukuru Mungu na kushika njia ya kazini. Mwenzie nyumbani naye roho kwatu. Familia nzima inaishi na ile namba moja kama madereva wa daladala wanavyoishi na bei ya dizeli: ikipanda kasheshe, ikishuka kicheko (ingawa kwa sukari, ikishuka mno nayo ni kasheshe nyingine).

Hatuna ugomvi na kimashine hicho. Kitumie. Ila kinachowaondoa duniani watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili ni moyo na kiharusi, na hivyo viwili vinaweza kuwa vinajijenga taratibu ndani ya mtu ambaye kimashine chake kinasoma vizuri kila siku. Mwaka 2010 watafiti walikusanya takwimu za watu karibu laki saba kutoka tafiti zaidi ya 100, wakakuta kwamba mwenye kisukari ana hatari ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi mara mbili hivi ya asiyenacho, hata ukiweka pembeni mambo ya sigara, unene na presha.

Na usidhani hizi ni habari za babu na bibi. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64. Karibu watu 9 kati ya kila 100 walikuwa na sukari iliyopanda, na 26 kati ya 100 walikuwa na presha. Umri huo ndio wa kuoana, kununua kiwanja, kusomesha. Yaani ni sisi.

Mabomba yanayochakaa

Kisukari cha aina ya pili kwa kawaida hakiji peke yake. Kinakuja na ndugu zake: kitambi, presha, na lehemu mbaya kwenye damu, ile ambayo wengi tunaiita kolesteroli. Chanzo kikubwa ni kimoja, mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini, hasa mafuta yakishajikusanya tumboni na kwenye ini.

Sasa fikiria mishipa ya damu kama mabomba ya maji ya nyumba. Sukari nyingi inakwaruza ukuta wa bomba kwa ndani. Presha inausukuma ukuta huohuo kwa nguvu, usiku na mchana. Lehemu inaingia pale palipokwaruzwa, inaganda, inajenga uvimbe. Sigara inaongeza moto. Siku moja ule uvimbe unapasuka, damu inaganda juu yake, bomba linaziba. Likiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo, likiziba kwenye ubongo ni kiharusi. Ukiisoma tena habari hii utaona sukari ni mhusika mmoja tu kati ya wanne. Ukimkamata yeye ukawaacha watatu, kazi inaendelea.

Kwa wanawake kuna jambo la kuongeza. Mwanamke ambaye hajafikia kukoma hedhi huwa na nafuu fulani kwenye magonjwa ya moyo ukimlinganisha na mwanamume wa rika lake. Kisukari kinamnyang'anya nafuu hiyo, na tafiti zimeonyesha kuwa hatari inaongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi kwake. Halafu yule dada aliyepata kisukari wakati wa ujauzito, akajifungua, sukari ikarudi sawa, akasahau: ana uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye kuliko mwenzie ambaye hakikumpata. Anatakiwa apimwe sukari wiki chache baada ya kujifungua, kisha aendelee kupimwa maisha yake yote. Wangapi wanarudi? Mtoto analia, likizo imekwisha, nani ana muda.

Madaktari nao walihangaika

Ukidhani ni wewe tu uliyekazana na namba moja, tulia. Madaktari wakubwa duniani walipita njia hiyohiyo.

Uingereza walianza utafiti mkubwa mwaka 1977, wakawafuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, majibu yakatoka mwaka 1998. Kubana sukari kulisaidia kweli, hasa macho na figo. Lakini ndani ya utafiti huo kulikuwa na kundi la wenye presha pia. Walioshushwa presha hadi wastani wa 144/82, wakilinganishwa na walioachwa kwenye 154/87, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32. Pointi kumi tu za presha!

Marekani na Canada wakasema basi, hebu tuishushe sukari mpaka ifanane na ya mtu asiyeumwa. Watu zaidi ya 10,000 waliingizwa. Mwaka 2008 ilibidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe kabla ya muda, kwa sababu waliobanwa sana sukari walikuwa wanakufa wengi kuliko wenzao. Ndiyo maana daktari wako anaweza kuridhika na HbA1c ya asilimia 7 hivi, na kwa mzee au mwenye moyo uliokwisha athirika akaridhika na zaidi ya hapo. HbA1c ni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Huwezi kukidanganya kwa kufunga kula siku moja kabla ya kliniki, mchezo ambao wengi wanaujua.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni mdogo, wa Denmark, kwenye kituo cha kisukari cha Steno karibu na Copenhagen. Watu 160 tu, wote wana kisukari na figo zimeshaanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Nusu nyingine walishughulikiwa kila kitu kwa pamoja: sukari, presha, lehemu, chakula, mazoezi, sigara. Baada ya miaka karibu minane, matukio ya moyo na mishipa kwenye kundi la pili yalikuwa yamepungua kwa nusu hivi. Waliendelea kuwafuatilia. Miaka 21 tangu utafiti uanze, waliotunzwa kila upande walikuwa wameishi takriban miaka minane zaidi.

Miaka minane. Mtoto aliye darasa la saba leo, baada ya miaka minane anaweza kuwa chuoni.

Moyo usiopiga kelele

Kwenye sinema mtu akipata mshtuko wa moyo anashika kifua, anakunja uso, anaanguka. Kwa mwenye kisukari mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu, ndiyo ile ganzi ya miguuni, na mishipa ya fahamu ya moyo nayo haisalimiki. Kengele ya maumivu inakuwa imekufa. Mtu anapata mshtuko wa moyo huku yeye anahisi amechoka tu, au tumbo limejaa gesi.

Kwa hiyo angalia haya: pumzi kukata ghafla kwa kazi ambayo jana hukuiona ni kazi, jasho la baridi bila sababu, kichefuchefu, uchovu mzito usioelezeka, mbano kwenye taya, shingo, bega au mkono. Kwa wanawake dalili za namna hii hutokea zaidi, na ndio hao wanaoambiwa "una vidonda vya tumbo" wakarudishwa nyumbani na dawa ya maji. Ukiwa na kisukari na hali kama hiyo ikakushika, pima sukari haraka, kwani sukari ikishuka nayo hutoa jasho. Kama haijashuka, au imeshuka ukanywa kitu cha sukari na hali haitulii, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kupambazuke. Usiendeshe gari mwenyewe. Ukifika taja neno kisukari kabla ya salamu, ili wakupime moyo kwa ile mashine ya waya za kifuani.

Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, na mishipa ya moyo iliyoziba inazibuliwa palepale bila mtu kupanda ndege kwenda India. Lakini msuli wa moyo ukikosa damu unaanza kufa ndani ya dakika, wala haujui kama foleni ya Morogoro Road imekaza.

Tuingie chumbani

Mlitegemea tungefika huku, na tumefika. Wanaume wengi wenye kisukari hupata tatizo la nguvu za kiume. Hilo linajulikana, linachekwa vijiweni na kuuzwa kwenye mabango ya waganga. Lisilosemwa ni hili: mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, na ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Uchafu uleule ukianza kujenga kwenye mabomba yote, ni bomba gani litaanza kuonyesha dalili? Jembamba, bila shaka. Ndiyo maana kwa wanaume wengi tatizo la chumbani hutangulia ugonjwa wa moyo, mara nyingi kwa miaka miwili hadi mitano.

Maana yake, baba huyo amepewa taarifa mapema. Anaifanyia nini? Anaificha. Anachelewa kurudi ili mama awe amelala. Anatumia unga wa mizizi kwa siri. Mama naye anaanza kuhesabu: kuna mwingine, si bure. Nyumba inapoa, simu zinaanza kupekuliwa, na hakuna hata mmoja anayewaza kwamba hapa anatakiwa daktari wa moyo.

Dada yangu, kama mumeo ana kisukari na mambo yamebadilika, usianze na swali la "ni nani huyo?" Anza na "twende wote tukapime." Ni sentensi ngumu kwa mwanamume kuisikia, najua. Isemeni mchana, mkiwa mmevaa, ikiwezekana mkiwa mnatembea, maana watu huongea vizuri wasipotazamana usoni.

Na wewe kaka, vile vidonge vya buluu vinavyouzwa kimyakimya vina historia ya kuchekesha. Sildenafil ilikuwa inajaribiwa na watafiti Uingereza kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kwenye moyo haikufanya maajabu, ila waliojaribiwa walitoa taarifa za kitu kingine, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo nyingine. Daktari anaweza kukuandikia, na kwa wengi ni salama. Lakini ukiimeza huku unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mfano zile za kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka mpaka ukapoteza maisha. Muuza kijiweni hakuulizi unatumia dawa gani nyingine. Anakuuliza una shilingi ngapi.

Kuna hili pia. Wanaume huacha dawa za presha kwa sababu wamesikia "zinaua nguvu". Baadhi ya dawa za zamani zinaweza kuchangia kweli. Zipo nyingine nyingi ambazo hazina sifa hiyo, na kubadilishiwa ni suala la kufungua mdomo mbele ya daktari. Kuacha kimyakimya ndiyo noma, kwa sababu presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa ileile uliyokuwa unajaribu kuiokoa.

Sufuria moja

Kosa la kawaida kwenye nyumba zetu ni kumpikia mgonjwa sufuria yake. Huku wenzie wanakula pilau, yeye kawekewa mchicha wa kuchemsha na kipande cha dona, kama mtoto aliyefanya utundu. Wiki ya pili anakula pilau ya jirani. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari kinawafaa wote mezani, watoto wakiwemo, hivyo pikeni sufuria moja.

Sukari kwenye chai mmeshaijua. Kinachosahauliwa ni chumvi, maana chumvi haionekani kwenye kimashine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Hesabu sasa: chumvi ya kwenye ugali wa hotelini, ya kwenye mchuzi, vile vikolezo vya pakiti ambavyo sehemu kubwa ni chumvi, soseji, mkate, halafu kichupa cha mezani kinachotikiswa kabla hata ya kuonja. Ondoeni kichupa hicho mezani wiki hii. Ndimu, pilipili, tangawizi, kitunguu saumu na binzari vitafanya kazi yake, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo.

Mafuta yanayoganda kama siagi, mtayapunguza. Maharage, dagaa, samaki, karanga kiasi, mboga za majani, hivyo ni rafiki wa moyo na bei yake si ya kutisha. Nyama choma ya Ijumaa haijakatazwa, imepunguzwa. Kuhusu chipsi zege sina utetezi wowote.

Mwendo wa miguu wa haraka dakika 30, siku tano za wiki, unatosha kubadilisha presha, sukari na usingizi. Tembeeni wawili jioni. Na kama mwenzio anakoroma kwa nguvu, kisha anakaa kimya kana kwamba pumzi imekatika, halafu anashtuka, mwambie daktari. Kukatika pumzi usingizini kunapandisha presha na ni kwa kawaida kwa wenye kisukari na unene. Yeye mwenyewe hawezi kujua, shahidi ni wewe uliyelala pembeni.

Sigara sitaijadili. Iacheni.

"Vidonge vyote hivi, kwani naumwa nini?"

Hili ndilo swali linalosumbua watu. Umekwenda na sukari, umerudi na dawa ya sukari, ya presha na ya lehemu, na lehemu yenyewe wala haikuwa juu sana. Daktari hajakosea. Dawa za jamii ya statini hutolewa kwa kuangalia hatari ya mtu mzima mzima, hasa akiwa na kisukari na amevuka miaka 40. Mwaka 2004 utafiti wa Uingereza na Ireland kwa watu 2,838 wenye kisukari, ambao moyo wao ulikuwa bado haujaugua, ulionyesha kuwa atorvastatin miligramu 10 kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 37, na kiharusi kwa karibu nusu. Wengine hupata maumivu ya misuli. Yakikupata sema, kipimo kitabadilishwa.

Aspirini ni habari nyingine. Zamani kila mwenye kisukari aliambiwa ameze kidonge kidogo kila siku. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi, faida inakaribia kumezwa na hatari ya kutoka damu. Usijianzishie. Usiiache pia kama daktari alikupa baada ya kuugua.

Halafu zipo dawa mpya za sukari zenye neema kwa moyo. Mwaka 2015 empagliflozin, inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilionekana kupunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 kwa wagonjwa waliokuwa tayari na matatizo ya moyo na mishipa. Mwaka uliofuata liraglutide, ya sindano, nayo ikaonyesha faida. Bei yake kwa wengi ni mtihani, kwa hiyo uliza bima yako inalipia nini. Metformin ya bei nafuu, dawa nzuri ya presha na statini, zikimezwa kila siku, zinakupeleka mbali sana.

Tahadhari moja kwa wanandoa wanaotafuta mtoto. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartan, ni hatari kwa mimba, na statini kwa kawaida husimamishwa. Mwambieni daktari kabla ya kuanza kujaribu.

Siku ya kliniki

Ingieni wote wawili. Mmoja aulize, mwingine aandike. Ulizeni presha ni ngapi, na lengo ni ngapi. Kwa wengi wenye kisukari siku hizi ni chini ya 130/80. Ulizeni lehemu mbaya, LDL, ni ngapi. Mwenye hatari kubwa hulengwa chini ya 1.8. Ulizeni HbA1c. Ulizeni kama mkojo umepimwa protini mwaka huu, maana figo zikivuja, moyo nao uko mashakani. Futi ya fundi cherehani mnayo nyumbani: kiuno cha baba kikizidi sentimita 94, cha mama 80, hiyo nayo iandikeni.

Mkiweza, nunueni mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, tulia dakika tano bila kuongea, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, andika kwenye daftari lenye tarehe. Na tafadhali, msipime mkiwa ndiyo kwanza mmetoka kugombana. Hiyo namba haitamsaidia daktari.